Mwezi uliochorwa kwenye dawa ya mama yangu, na zahanati isiyotaka kusikia

Assalaam aleikum ndugu zangu, wa Lamu na mlio mbali. Naandika nina hasira, na tafadhali asiniambie mtu nipoe kwanza.

Mama ana presha. Ni mtu wa Matondoni, hajasoma skuli, lakini mikeka yake huiuza mwenyewe na hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumpunja hata shilingi. Karibu miezi miwili iliyopita zahanati moja ya binafsi hapa mjini ilimbadilishia dawa, aina mbili, moja ya asubuhi na moja ya usiku. Zamani walikuwa wakimwelezea kwa mdomo. Sasa wameleta vimfuko vipya vya kupendeza: kimoja kina picha ya jua, kingine picha ya mwezi mwembamba, na chini ya kila picha kidonge kimoja. Neno hamna. Wenyewe wanajisifu kwamba wamewafikiria wasiojua kusoma.

Juzi nilimpima presha nyumbani, nikashtuka: 178 kwa 104. Nikaenda kuhesabu vidonge. Vya jua, kati ya 60, vimebaki 3. Vya mwezi, kati ya 60, vimebaki 58.

Nikamuuliza, mama, hivi mbona hunywi? Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea. "Mwanangu, hiki si cha mwezi? Mwezi ukiandama hunwa kimoya."

Nilikaa chini. Maana yuko sawa! Kwetu mwezi ni ule wa mbinguni, na mwezi ni siku ishirini na tisa au thelathini. Neno ni moja. Na ile hilali nyembamba waliyoichora ndiyo tunayoitafuta pwani kila Shaabani ikiisha, sote macho magharibi, tujue kama kesho ni saumu. Kwa mtu wa hapa, hilali ni mwezi mpya umeingia. Mama aliisoma picha kwa makini kuliko aliyeichora. Aliyeichora bila shaka alikuwa na lugha yenye neno lake la mwezi wa angani na neno jingine la mwezi wa kalenda, kwa hiyo hakuona shida yoyote.

Nikaenda zahanati na kimfuko mkononi. Kijana wa dirisha la dawa akanijibu, "Lakini dada, hizi picha ni za kimataifa, kila mtu huzielewa. Mbona mama hakuuliza?"

Aulize nini? Mtu huuliza akikwama. Mama hakukwama, alielewa, na alichoelewa kingempeleka kaburini. Hapo ndipo ninapotaka watu wa zahanati hizi wanisikilize. Marekani wana kiwango cha alama za usalama, ANSI Z535.3, na huko mchoro hujaribiwa kwa watu kabla ya kutumika: angalau 85 kati ya 100 waupatie, na wale watakaouelewa kinyume kwa namna ya hatari wasizidi 5. Tazameni hiyo hesabu ya pili. Wanajua kwamba anayeitazama picha asiambulie kitu ana nafuu, ataita mtu amsaidie. Anayeielewa visivyo hufanya jambo lake kwa utulivu, siku 57 mfululizo. Hapa kwetu walimjaribia nani? Nimeuliza. Hakuna mzee hata mmoja aliyeonyeshwa kile kimfuko kabla hakijachapwa.

Nikiwa bado pale nikaona mengine. Vyoo vyao vina vibao vya buluu vyenye watu weupe: mmoja ana miguu miwili iliyoachana, mwenzake ana vazi refu lililopanuka chini. Babu mmoja, kanzu yake nyeupe na kofia, akaingia kwa huyo wa vazi refu. Ndani mwanamke akapiga ukelele. Babu alitoka kainamisha kichwa, mikono inamtetemeka, akanyoosha kidole kwenye kibao: "Hii si kanzu?" Ni kanzu, babu. Nyeupe na ndefu, na wanawake wa mji huu huvaa buibui jeusi. Wahudumu wawili walicheka. Mzee wa umri ule kufedheheshwa mbele ya watu, na wao wakacheka.

Hata yule mtu wa kwenye kibao cha njia ya dharura, anayekimbia kuelekea mlangoni, aliyebuniwa na Mjapani Yukio Ota na kuingizwa katika viwango vya kimataifa mwaka 1985, wamempaka nyekundu eti afanane na ukuta. Kijani ndiyo rangi ya njia ya kutokea salama, nyekundu ni ya katazo na ya vifaa vya moto. Na nje wamechora msalaba mwekundu, nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, kama kwamba ni pambo la kila mwenye duka la dawa.

Wa kwanza kuniambia kwamba watu wetu ni wazito kuelewa picha, nimjibu mapema. Mwaka 2005 nchi nzima ilipiga kura ya maoni kwa Ndizi na Chungwa. Bibi zetu wasiojua herufi moja waliingia kwenye kibanda wakiwa na yakini, kwa sababu miezi mizima walikuwa wameambiwa ndizi ni ndiyo na chungwa ni la. Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi, na sikumbuki mtoto wa Matondoni aliyehitaji kuelezwa lile jicho lililochongwa omoni ni la nini. Watu wa kisiwa hiki walikuwa wakisoma alama kabla ya hiyo zahanati kuwekewa jiwe la kwanza.

Nataka vimfuko vile viondolewe. Wachore kitanda, wachore kandili, wachore wanachotaka, lakini wawaite kwanza wazee kumi wa hapa wawaulize wanaona nini. Na dirishani mgonjwa aambiwe kwa mdomo, kisha yeye mwenyewe arudie. Isha kila mzee anaijua, adhana inamfikia kitandani.

Mama kwa sasa amejitengenezea alama yake. Amefunga uzi wa ukindu kwenye vimfuko: fundo moja la asubuhi, mawili ya baada ya isha. Leo usiku alinionyesha, hakukosea.

Kesho asubuhi narudi pale, na safari hii nitamtaka mwenye zahanati, si kijana wa dirishani. Wenye wazazi wanaotibiwa hapo, hesabuni vidonge vyao usiku huu, halafu andikeni hapa mmekuta vingapi.