Husuni Kubwa ya Kilwa: ijengwe upya au iachwe gofu?

Mwambao: Naweka hoja mezani. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, liinuliwe kuta na kuezekwa. Mgeni anavuka maji kutoka Kilwa Masoko, anapanda hadi juu ya genge la mwamba, anakuta kuta zilizokatika. Birika la maji la pembe nane ndilo pekee analolielewa bila kuelezwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, lakini anayekuja haoni kasri.

Chokaa Mbichi: Mkuu, utaezeka nini? Wachimbuzi wa mambo ya kale wanaona jengo lile halikuwahi kukamilika. Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, uko wazi: ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Halafu piga hesabu ya uzito. Dari ya kale ya pwani ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, unene sentimita 30 au zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 8 kinabeba zaidi ya tani 10. Ukuta uliopigwa mvua kichwani kwa karne kadhaa, chokaa ya ndani imeshageuka vumbi, unautwisha mzigo huo?

Mwambao: Basi tutie saruji ndani, uimarike.

Chokaa Mbichi: Hapo ndipo magofu mengi ya pwani yalipoumizwa! Saruji ni ngumu kuliko mawe ya matumbawe ya kuta hizi na haipumui. Unyevu ukikosa njia kwenye kiungo kati ya mawe hutokea kwenye jiwe, chumvi inaganda ndani yake, jiwe linamomonyoka. Baada ya miaka unaona kiungo cha saruji kimetokeza peke yake, jiwe limeliwa.

Fundi wa Kusini: Naungana na Chokaa Mbichi. Kazi ya kwanza ni vichwa vya kuta. Ng'oa miche ya mikuyu ingali midogo. Mzizi ukishanenepa ndani ya ukuta, kuuvuta ni kubomoa, kwa hiyo ukate na uuache ufe. Kisha funika kichwa kwa mawe madogo na chokaa, kwa mteremko, maji yasituame. Chokaa iliyolowekwa miezi kadhaa, kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa ufukweni usiooshwa kwa maji yasiyo na chumvi ni chumvi unayoitia mwenyewe. Lipu isizidi sentimita 1 kwa kila mpako, na ifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Jua likiikausha haraka, inapasuka na kubanduka.

Mwambao: Na mgeni ataona nini, vichwa vya kuta?

Bi Kipimo: Kuna njia ya kati: paa la makuti juu ya birika tu, lenye nguzo zake, lisiguse ukuta.

Chokaa Mbichi: Dada, nguzo inataka shimo, na shimo linakata sakafu na tabaka ambazo hazijachimbwa.

Bi Kipimo: Nguzo zikae juu ya vitako vizito vilivyotandikiwa mchanga, bila kuchimba. Kinachonitia shaka ni kusi: juu ya genge lile upepo huinua paa kutoka chini. Vitako viwe na uzito gani?

Fundi wa Kusini: Kwanza niambie paa lina mita ngapi za mraba.