Tupeane uzoefu: siku root, yule mtumiaji mkuu wa Linux, alipokupokonya mafaili yako mwenyewe

fundi_mwanjelwa
Wakuu ugonile, kibaridi cha mwezi wa saba huku Mbeya kinakata masikio, acha nianze mimi. Nilikuwa naweka moduli ya fomu tu kwenye tovuti ya mteja, ni Drupal (programu ya kuendeshea tovuti), composer inayopakua moduli ikagoma nikaona isinichezee, nikatanguliza sudo, yaani amri iende kwa nguvu za root, na kwenye drush (ya kuiongoza Drupal kwa amri) nako sudo. Ikaingia freshi. Asubuhi mteja anapiga, tovuti iko uchi, rangi hamna, picha hazipandi. Nimefuta moduli nimerudisha nimefuta tena mpaka saa nane usiku, kumbe muda wote sijapiga ls -l kuona mafaili ni ya nani hata mara moja. Kupiga hivi, naona root root, root root, mstari kwa mstari ndani ya sites/default/files, folda ambayo Drupal huweka picha na mafaili ya rangi. Apache inayohudumia tovuti, kwenye Linux ya Ubuntu inatembea kama mtumiaji www-data, sasa ataandikaje kwenye nyumba ya root? Nikapiga chown -R www-data:www-data, kubadili mmiliki, kwenye hiyo folda tu, mafaili mengine ya kodi (code) nikayarudisha kwenye akaunti yangu, ikapona. Mteja nikamwambia ni mtandao 😂

binti_kihesa
Kamwene. Mkuu wewe una afadhali. Mimi niko mwaka wa pili chuo, nimeambiwa na jamaa "permisheni zikisumbua we piga 777", yaani kila mtu asome, aandike, aendeshe, nikapiga sudo chmod -R 777 /usr, folda ya programu za mfumo. Jamani. Sudo yenyewe ikagoma, inaniambia lazima iwe ya uid 0 (namba ya root) na iwe na biti ya setuid (inayoifanya iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili), maana ile 777 imeifuta hiyo biti, sasa nirekebishe na nini wakati sudo ndo ilikuwa ufunguo? Flashi, kubuti upya, nikapakua kazi zangu, nikapiga Ubuntu upya na bando la kuazima kwa rumeti. Huyo jamaa hajawahi kurudi kuniuliza iliishaje.

mzee_wa_makambako
Pole binti. 755 kwa folda, 644 kwa faili, mwenyewe tu ndo aandike, wengine wasome, hiyo 777 waachie wenyewe. Ya kwangu ni npm, ile ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript. Sudo mara moja tu, kitambo, nikasahau, miezi baadaye kila nikisakinisha kitu bila sudo EACCES, EACCES (huna ruhusa), nikawa nalaumu vifurushi vya watu. Kashe (akiba ya vilivyopakuliwa) ya ~/.npm ilikuwa na mafaili ya root ndani. sudo chown -R $(whoami) ~/.npm, dakika moja kwisha.

uyole_dev
Linux ya Debian 12 siku hizi pip, ile ya kusakinisha vifurushi vya Python, inakukatalia kabisa hata ukija na sudo, inasema mazingira haya yanasimamiwa na mfumo, tumia venv (mazingira ya Python ya pembeni). Mwanzoni nilitukana, nikaona kuna bendera ya kulazimisha, --break-system-packages, nikaitumia hivyo hivyo 🙈

binti_kihesa
@uyole_dev ikawaje sasa

uyole_dev
Subiri umeme urudi nikusimulie, laptopu ina asilimia nne