Hifadhidata inaleta hitilafu za diski kila wiki: nikarabati, ninunue SSD au nihamie seva ya kukodi?

DukaChake
Assalamu alaykum ndugu zangu. Natunza kompyuta ya duka la dawa hapa Chake Chake. Programu ya stoo inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na kila baada ya siku nne tano ripoti ya mwezi haifunguki: inalalamika imeshindwa kusoma bloku fulani ya faili fulani. Fundi ameshapitisha chkdsk /r mara tatu. Inatulia siku mbili, inarudi palepale. Jana imegoma mama wa watu amesimama kaunta na cheti chake cha dawa, tukarudi kwenye daftari. Diski ni ile ya kuzunguka, terabaiti 1, inakwenda mwaka wa sita. UPS ipo lakini betri imekufa, umeme ukikatika na kompyuta inazimika. Nifuate njia ipi?

FundiDarajani
Waalaykumu salaam. Chkdsk iache leo hii. Inaangalia mpangilio wa faili wa Windows, haijui ndani ya faili mna nini. PostgreSQL inaandika kurasa za kilobaiti 8. Ukurasa mmoja ukiharibika, chkdsk itasema faili ni zima na PostgreSQL itasema ukurasa ni mbovu. Tena hiyo /r inaisomesha diski yote, na diski inayokata roho haifai kukimbizwa hivyo. Toa data kwanza kwa pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutolea nakala, iweke kwenye diski nyingine kabisa. Ikishatoka, endesha smartctl -a, inayosoma afya ya diski, utupe hesabu zilizo kwenye namba 5, 197, 198 na 199.

MwanaMkoani
Hiyo 199 itazame vizuri, kaka. Mimi nilinunua diski mpya na hitilafu zikabaki. Ya zamani 5 na 197 zilikuwa sifuri, 199 inapanda kila siku. Inahesabu data inayoharibika njiani baina ya diski na ubao mama. Kuchomoa waya wa SATA, meno yake yameshika kutu ya kijani, na dirisha la ofisi linaelekea bahari. Nikaweka waya mpya, basi. Hesabu yenyewe hairudi chini, kwa hiyo cha kuangalia ni kama bado inapanda.

DukaChake
5 ni 136, 197 ni 24, 198 ni 24, 199 sifuri. Na pg_dump imemaliza bila kugoma hata jedwali moja! Vipi data itoke yote na ripoti isifunguke?

FundiDarajani
Alhamdulillah. Waya wako mzima, diski ndiyo inayokwenda: 5 ni sekta (vipande vya diski) vibovu vilivyokwishahamishwa, 197 ni zile zisizosomeka zinazosubiri kuhamishwa. Kuhusu ripoti, pg_dump inasoma majedwali yenyewe, haipiti kwenye indeksi ulizotengeneza, yaani orodha za kuharakisha utafutaji. Ripoti inapita huko. Ita pg_filenode_relation, ipe 0 na namba ya faili iliyo kwenye ujumbe wa hitilafu, utaona jina. Ikiwa ni indeksi umeokoka, maana ukirudisha nakala kwenye diski mpya indeksi zinajengwa upya.

PajeMtandao
Mimi naitetea seva ya kukodi. Tuna nyumba za wageni mbili, mapokezi yote yanasoma hifadhidata moja, na habari ya sekta mbovu nimeisahau.

MwanaMkoani
Kwako sawa, una sehemu mbili. Duka moja mtandao ukikatika hauzi hata panadoli, wakati kompyuta iko mbele yako. Seva ya kukodi aitumie kupelekea nakala kila usiku. Na diski mbili zinazoandikiwa kitu kimoja kwa pamoja (mirror) asizihesabu kuwa nakala: ukifuta jedwali kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili.

Kwa rai yangu UPS itangulie, kisha SSD, diski isiyozunguka. SSD nyingi za bei rahisi hazina kapasita, vihifadhi umeme vidogo vya kuzilinda umeme unapokatika. Inajibu kwamba imeshaandika, kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda. Sisi huku umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na nadhani hakuna aliyeko Unguja aliyesahau ile miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009. Betri kwetu si anasa.

FundiDarajani
Naunga mkono. Na kitu kimoja nakuomba sana: fungua postgresql.conf, faili la mipangilio, tazama fsync, inayolazimisha data iandikwe diskini kweli. Wapo wanaoizima ili programu ionekane nyepesi.

DukaChake
Wallahi nimeikuta imezimwa! Aliyetufungia programu hakutwambia neno. Na faili bovu ni la indeksi ya tarehe za mauzo, kama ulivyosema.

FundiDarajani
Iwashe, na full_page_writes, inayookoa ukurasa ulioandikwa nusu, iwe imewashwa pia. Kwenye SSD anzisha hifadhidata mpya kwa initdb -k, ili kila ukurasa uwe na alama ya kuukagua. PostgreSQL toleo la 18 linafanya hivyo lenyewe. Halafu linganisha mauzo na daftari. fsync ikiwa imezimwa, umeme ukikatika hata risiti iliyokwishachapwa inaweza kuwa haikuandikwa.

DukaChake
Nimerudi. Betri ya UPS mpya, SSD ndani, nakala imerudi bila kelele. Daftari limeonyesha mauzo saba ya siku moja hayamo, nayo ni siku umeme ulipokatika mara mbili. Nimeyaingiza kwa mkono. Ahsanteni sana.