Naomba ushauri: nitumie tena udongo wa tangi la zamani la mimea?

Habari wadau. Nahamisha mimea na samaki kwenda tangi kubwa zaidi, na kinachoniumiza kichwa ni udongo wa chini. Ni ule wa chembechembe maalumu kwa mimea ya majini, umekaa miaka kadhaa. Chembe nyingi bado ngumu, ila za chini zikibanwa kwa vidole zinakuwa tope.

Kuutupa naona uchungu. Umejaa bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitreti isiyo kali sana, na mizizi ya mimea yangu ya majini aina ya Cryptocoryne imeuzoea. Hofu yangu ni uchafu uliojificha humo: ukivurugwa unaweza kuachilia amonia, na nina kamba wadogo, viumbe wasioivumilia hata kidogo. Sehemu moja hata inanuka kama yai viza.

Nimefikiria kuusuuza taratibu kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya bomba itaua bakteria, nichuje tope, niutandaze chini na kuufunika kwa mchanga wa sentimita 3 hivi. Rutuba iliyokwisha nitairudisha kwa vidonge vya mbolea karibu na mizizi.

Waliowahi kufanya hivi, mchanga ulikaa juu au ulizama katikati ya chembe? Niuchanganye na udongo mpya, ingawa nao mara nyingi hutoa amonia mwanzoni? Na kamba niwaweke pembeni hadi vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri, au kuna njia ya kuwahamisha siku hiyohiyo kwa usalama?