Ukinakiliwa kwenye kompyuta, ni wewe au pacha wako?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Juzi gatini tukisubiri meli ya Bukoba, kijana mmoja katuambia siku zinakuja ubongo wa mtu utasomwa seli kwa seli na kunakiliwa kwenye kompyuta. Mwili uoze, wewe unaendelea kuishi humo. Nilicheka, ila usingizi sikupata. MV Victoria ya tangu miaka ya 60 ilikarabatiwa, ikafungwa injini mpya, ikarudi majini 2020 na jina refu zaidi. Wazee wa Bukoba bado wanasema ni ile ile. Mimi nashindwaje? Nipakieni.

Fundi mitumbwi, Mwaloni: Mfano wako unakuumbua mwenyewe. Kuna mtumbwi nimeubadilisha mbao zote kwa miaka tisa, mwenyewe hajawahi kuniuliza wake uko wapi, maana haujawahi kuwa miwili. Huyo kijana hakusema kukarabati, kasema kunakili. Ni sawa nichukue vipimo vya mtumbwi wako, nichonge mwingine pembeni, halafu nikwambie huu wa zamani tuukokee moto. Mashine imemaliza kusoma, nakala inamsalimia mama yako, na wewe bado umekaa kitini unatazama. Jioni nani anarudi kwa mkeo?

Mwalimu mstaafu: Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliliandika hili 1694: kinachomfanya mtu awe yule yule ni kumbukumbu, si mwili. Kumbukumbu za mwana wa mfalme zikiingia mwilini mwa mshona viatu, huyo ndiye mwana wa mfalme. Ila kwa kipimo hicho mleta mada na nakala yake wote ni yeye, na hapo ndipo Locke ananikwaza. Mwanafalsafa mwingine, Derek Parfit, 1984, akasema kubaki yule yule hakuna uzito tunaoupa. Yatosha kumbukumbu na tabia ziendelee. Kwa umri wangu huu namkubali nusu.

Muuguzi, Nyakato: Shikamoo Mwalimu. Mnagombania urithi mzee bado mzima. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni mwenye seli za neva 302. Ramani ya jinsi seli hizo zinavyounganika ilitoka 1986, na hadi leo wataalamu wanahangaika kumwigiza kwenye kompyuta. Ubongo wa nzi wa matunda, seli kama 139,000, ramani yake kamili imetoka 2024. Wa mtu una takribani bilioni 86. Tena ramani ni ramani tu: ya Mwanza ninayo kwenye simu, foleni ya Buzuruga haimo.

Mleta mada: Dada, hayo ni ya muda, yatafika. Fundi nijibu: nilipasuliwa kwa nusu kaputi, nikazimika kabisa. Aliyeamka ni nani?

Fundi mitumbwi, Mwaloni: Aliyeamka na kidonda kile kile tumboni. Kuzimika si kuhama.

Mleta mada: Haya, sinakiliwi. Je, wakitoa seli moja leo wakaweka ya bandia, kesho nyingine, mpaka ziishe? Kama mbao zako.

Fundi mitumbwi, Mwaloni: Aisee. Hapo umenibana. Ila mbao nabadilisha mtumbwi ukiwa nchi kavu. Wewe watakubadilisha ukiwa katikati ya ziwa, injini inaunguruma?