Surface Go 2 au iPad yenye kibodi: kipi kinafaa kwa kazi ya shambani na ofisini?

Afisa ugani, Tukuyu
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Asubuhi huwa nipo kwa wakulima wa chai na migomba, na jioni ninaandika taarifa mezani, kwa hiyo ninatafuta kifaa kimoja kitakachokuwa kishikwambi shambani na kompyuta ofisini. Nimebakiwa na machaguo mawili, yote ya mtumba: Surface Go 2 ya Microsoft, au iPad ya kizazi cha 9. Naomba uzoefu wenu wa kila siku.

Mwalimu, Iringa mjini
Mkuu, mimi ninatumia Surface Go 2 mwaka wa tatu sasa. Mitihani yote ninaitungia humo, tena bila kuhamisha mafaili, kwa kuwa ni Windows kamili. Inachajiwa kwa USB-C, hivyo umeme ukikatika pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaniokoa. Udhaifu wake ni kile kiegemeo cha nyuma, ambacho kinataka meza: ukiipakata ndani ya basi la Mafinga, ukingo wake unakukata mapajani na kibodi inabonyea katikati kila unapoandika. Kibodi huuzwa peke yake, basi uliza mapema kama imo kwenye bei. Usikubali Surface Go ya kwanza ya mwaka 2018, kwani haiungwi mkono na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mhasibu, Makambako
Ninayo hiyo iPad pamoja na Smart Keyboard yake. Chaji inanifikisha jioni, ila asubuhi za Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, hushuka upesi kuliko kawaida, kwa sababu betri za lithiamu hudhoofika kwenye baridi. Ninaifunga kwenye kitenge ndani ya mkoba. Jambo lililonisumbua kweli ni Excel: ya kwenye iPad haiendeshi makro (amri ndogo zinazofanya hesabu zijiendeshe zenyewe), na vitabu vyetu vya hesabu vimejaa makro.

Mwanafunzi, Uyole
Shikamoo wakubwa. Kwenye Surface, angalieni vipini vya shaba kwenye ukingo wa kibodi. Agosti iliyopita yangu ilikuwa inakatika katikati ya sentensi, na fundi akaniambia ninunue mpya. Nilizima kifaa, nikafuta vipini kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, vumbi jekundu likatoka, na kibodi inaandika hadi leo.

Afisa ugani, Tukuyu
Marahaba, na asanteni sana nyote. Fomu zetu za mavuno nazo zina makro, kwa hiyo nitachukua Surface. Jumamosi nitaifuata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na kabla ya kutoa fedha nitaandika ukurasa mzima kwa kibodi yake nikiwa nimeipakata.