Mguu wa boti umeng'ang'ania kwa kutu: tuuvute kwa lori au tuupashe moto?

Mwenye Boti, Katonga

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina boti ya faiba yenye mashine ya petroli iliyofungwa ndani, na kwa nje, nyuma kabisa, ina mguu wa MerCruiser Alpha One unaobeba propela. Boti hii ilitumika baharini Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kuletwa Kigoma kwa lori, na tangu ifike imekaa juu ya trela chini ya mwembe, bila kushushwa ziwani. Sasa ninataka kuitumia kupeleka wageni Gombe, lakini usukani haugeuki hata kidogo, na mguu wenyewe haukubali kutoka ili ufanyiwe matengenezo.

Nati sita zinazoushikilia zimeshafunguliwa, ingawa zilitusumbua sana. Mguu ulirudi nyuma kiasi cha upana wa kidole, ukagoma hapo. Mpira wa mikunjo unaofunika shafti umepasuka upande wa chini, na tulipoubonyeza ulitoa maji ya rangi ya chai. Kijana mmoja wa gereji ameshauri tuufunge mguu mnyororo, tuufunge kwenye mwembe, kisha tuivute trela kwa lori. Mwenzake anasema tuupashe moto wa gesi. Wengi wetu hapa tumezoea mashine za kuning'iniza nyuma, ambazo unaifungua yote na kuibeba begani, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu aliyewahi kushughulikia mguu wa aina hii.

Mzee wa Gereji, Mwanga

Mwanangu, mnyororo na lori uviweke kando kwanza. Mguu uliotoka upana wa kidole umeshakuambia jambo moja muhimu, kwamba bolti zake haziushikilii tena. Kinachoushikilia kiko katikati: shafti inayotoka kwenye mguu, ikapita ndani ya beringi iliyo kwenye ukuta wa nyuma wa boti, kisha ikaingiza meno yake katika kaplingi ya mashine. Maji ya rangi ya chai uliyoyaona yamekaa hapo muda mrefu, kwa hiyo ama beringi imeshikana na shafti, ama meno yameshikana na kaplingi, ama yote mawili. Ukivuta kwa lori, nguvu haitapita katikati. Itakwenda upande mmoja, na kitakachoachia kwanza ni masikio ya aluminiamu, ambayo huku kwetu huyapati dukani.

Kabla ya yote, ondoa nyaya za betri, toa plagi, kisha zungusha mashine kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma kabisa, huenda tatizo lako ni kubwa kuliko mguu. Hakikisha pia gia imewekwa mbele, kwa sababu katika Alpha One kiungo cha gia hakiachii sawasawa gia ikiwa mahali pengine, na watu wamevunja vitu kwa kusahau jambo hilo dogo.

Baada ya hapo, ukate kabisa huo mpira wa mikunjo. Umeshapasuka, na utahitaji mpya kwa vyovyote vile, kwa hiyo usiuonee huruma. Ukishaukata utaiona shafti na viungo vyake vya msalaba. Inamisha trela ili mbele ya boti iwe chini kuliko nyuma, kisha mwagilia mafuta ya kulegeza kutu juu ya shafti ili yatiririke yenyewe kuelekea kwenye beringi na kwenye kaplingi. Boti ikikaa sawa, au nyuma ikiwa chini, mafuta yote yatadondoka mchangani na utadhani dawa haifanyi kazi. Fungua na chuchu ya grisi ya beringi hiyo, iliyo upande wa kulia ukitazama mbele, upitishe mafuta hapo pia. Rudia asubuhi na jioni, uiache inywe.

Kila ukishamwagilia, zungusha mashine kwa spana kidogo mbele na kidogo nyuma. Kama gololi za beringi zimeganda, shafti italazimika kuzunguka ndani ya pete ya beringi, na hapo ndipo kutu inapokatika. Kwenye kaplingi hakuna mzunguko wa namna hiyo, lakini ile nafasi ndogo iliyopo kati ya jino na jino inatosha kuyatikisa.

Kwa kuvuta, tumia kabari mbili za mninga au za chuma, kulia na kushoto, uzigonge kwa zamu. Chukua rula upime mwanya juu, chini, kulia na kushoto. Upande mmoja ukitangulia kwa milimita kadhaa, acha kugonga huko, usawazishe kwanza. Kama pampu ya kuinulia mguu bado ina nguvu, zile silinda zake mbili zinaweza kukusaidia: rudisha nati mbili zishike nyuzi chache tu ili mguu usije ukaruka, kisha bonyeza kitufe cha kupandisha kwa vipindi vifupi. Silinda zinausukuma mguu kuelekea nyuma kwa nguvu inayolingana pande zote mbili. Asimame mtu yeyote pembeni, wala si nyuma yake, kwa kuwa mguu huo ni mzigo wa watu wawili.

Fundi wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Nakubaliana na hayo yote, naomba niongeze kuhusu moto, maana ndipo boti nyingi zinapoharibikia.

Moto una hoja yake. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo bolti ya chuma iliyoganda ndani ya tundu la aluminiamu huachia nyumba yake ikipata joto. Unga mweupe unaouona pembeni mwa bolti ndiyo kutu ya aluminiamu, na kwa kuwa unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa, ndio unaobana. Tatizo ni kwamba aluminiamu haionyi. Chuma hugeuka chekundu kabla ya kulainika, lakini aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kubadilika rangi ya kukutahadharisha, na mtu aliyezoea kuchomelea geti hugundua amechelewa pale sikio la mguu linapodondoka. Zaidi ya hayo, hii ni mashine ya petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujilaza chini kabisa ndani ya boti. Mimi siwashi gesi karibu na boti ya namna hiyo. Matambara yaliyochovywa kwenye maji yanayochemka, yakizungushiwa mahali palipoganda na kubadilishwa mara kwa mara, hufanya kazi polepole lakini hayawashi moto.

Kuhusu usukani, usiuhukumu mguu mapema. Chomoa kebo ya usukani mahali inapofika nyuma ndani ya boti, kisha jaribu kuusukuma mguu kwa mkono. Mara nyingi kinachoganda ni ile fimbo ya kebo ndani ya bomba lake, hasa boti ikikaa muda mrefu bila kutumika, na mguu unalaumiwa bure.

Mambo yote yakishindikana, kata kiungo cha msalaba cha shafti kwa grainda ya mkono, mguu utoke na nusu yake, halafu ushughulike na kipande kilichobaki kwenye beringi bila uzito wa mguu kukusumbua. Hiyo inaharibu shafti, na cheche zake zinahitaji boti isiyo na petroli na iliyopigwa hewa vya kutosha, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa.

Mwenye Boti, Katonga

Wazee wangu na ndugu zangu, nashukuru. Kuinamisha trela kulisaidia kuliko kitu kingine chochote. Mafuta yalipoanza kuingia, mashine ikizungushwa kwa spana ilitoa mlio wa kukatika, na kabari ziliumalizia mguu. Beringi imetoka pamoja na shafti, pete yake ya ndani imeshikana nayo hadi sasa. Meno ya shafti yana kutu ya juujuu, lakini kingo zake bado ni kali ukipitisha ukucha. Usukani nao ulikuwa kebo, kama fundi alivyosema. Nilifungua skrubu ya chini ya mguu ili kumwaga oili. Yalitangulia maji kidogo, kisha ikafuata oili nyeupe kama maziwa. Nirudishe vipi ili nisirudi hapa tena?

Mhandisi, Ujiji

Maji kutangulia kabla ya oili maana yake sili zimeshindwa, kwa hiyo mguu ufunguliwe ubadilishwe sili na upimwe kwa hewa kabla ya kutiwa oili mpya. Usiridhike na kubadilisha oili peke yake.

Beringi mpya ikishaingia, usirudishe mguu kabla ya kupima mlingano wa mashine. Kuna fimbo maalumu ya kazi hiyo. Iazime au uichongeshe kwa fundi wa mashine ya kukereza. Paka grisi kwenye meno ya kaplingi, ingiza fimbo kupitia beringi hadi mwisho, kisha ichomoe utazame alama. Alama zikiwa sawa kuzunguka fimbo yote, mashine imekaa vizuri. Zikiwa juu tu au chini tu, pandisha au shusha miguu ya mbele ya mashine hadi zilingane. Mashine isiyolingana humaliza kaplingi mapema hata kama kila kitu ni kipya.

Meno ya shafti yapakwe grisi isiyosombwa na maji, na usiibanie. Ziwa letu lina ushahidi wake: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen ili isitekwe, mafundi waliifunika mitambo yake kwa grisi nzito, na ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo ilikuwa bado inafaa. Meli hiyo ilianza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Liangalie na lile pande la madini linalofungwa kwenye mguu ili liliwe badala yake. Kwa kuwa boti ilitoka baharini, yawezekana lako ni la zinki, na zinki katika maji baridi hujivika gamba na kuacha kufanya kazi. Maji ya Tanganyika ni baridi, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka kuliko ya Ziwa Victoria na yanapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo ningefunga la aluminiamu, ambalo linafaa kwa maji ya aina zote mbili. La magnesi nalo hufaa kwa maji baridi, ila ulitoe boti ikirudi baharini. Pande hilo lisipakwe rangi, na ligusane na chuma kitupu.

Nati sita zikaze kwa kukingamisha, hatua kwa hatua, hadi nguvu ya kukaza ya nyutoni-mita 68. Boti ikishushwa majini kwa mara ya kwanza, iache imefungwa gatini, fungua kifuniko cha mashine, na utazame kwa tochi mahali mguu unapoingilia kwa muda wa kutosha kabla ya kumpakia mgeni yeyote.